Bwawa Litaondoka, Deki Itabaki: Vidokezo 14 vya Kujenga Jukwaa la Mbao Uani

Nikitaja deki, usinifikirie na ndoo na tambara. Deki ya kupigwa tunaijua. Hii ninayoisemea ni jukwaa la mbao ambalo Wamarekani hujenga uani kwao ili kuweka viti, jiko la mkaa na wageni. Kama kuna bwawa la kuogelea, jukwaa hulikumbatia bwawa. Au tuseme hujifanya linalikumbatia. Tutalifikia hilo sasa hivi.

Sisi tunaoishi Minnesota, ambako theluji hulala uani miezi na miezi, tuna kama miezi mitatu tu ya kuogelea nje. Kuchimba bwawa la zege kwa ajili ya miezi mitatu ni kumwaga pesa. Ndiyo maana wengi huishia kwenye bwawa la juu ya ardhi: duara la bati lenye ngozi ya plastiki ndani, linalokuja kwenye maboksi na kusimamishwa kwa siku chache. Shida huanza siku ya kwanza ya kuoga. Ukuta wake una kimo cha inchi 48 hadi 54, yaani unakufika kifuani, na ngazi inayokuja nalo hutikisika hata kila anayepanda anaonekana mkwezi wa minazi aliyeanza kazi leo asubuhi.

Nimejenga deki yangu, nikasaidia ya shemeji, na nikaitwa kwenye ya tatu ilipokuwa imeshaharibika. Haya ndiyo niliyoyaokota.

1. Deki na bwawa ni majirani, hawajaoana

Hiki ukikikosea, vingine vyote kumi na vitatu havitakusaidia.

Bwawa la duara lenye kipenyo cha futi 24 na maji ya kina cha futi 4 hubeba lita 51,000 hivi. Lita ya maji ni kilo, kwa hiyo uani kwako zimeegeshwa tani 51. Kinachozizuia zisimfuate jirani sebuleni ni bati ambalo unene wake haufiki hata milimita moja. Linawezaje? Maji yanalisukuma nje sawasawa kila upande, nalo linakazana kama pete ya chuma inayofunga pipa. Likivutwa hivyo ni imara ajabu. Bati hilohilo ukilikandamiza kutoka juu, au ukalisukuma mahali pamoja kwa ncha ya mbao, linakunjika kama kopo la soda lililokanyagwa.

Sasa anakuja mtu na boriti yake, anaifunga kwa skrubu kwenye ukingo wa bwawa "ili isicheze". Tayari uzito wa shangazi watatu na jiko la nyama umeshuka juu ya bati. Zaidi ya hapo, bwawa halitulii: linajaa, linapungua, linaganda wakati wa baridi, na kila linapojinyoosha linaivuta deki pamoja nalo.

Nguzo za deki zisimame kwa miguu yake yenyewe. Kiunzi kikae mbali na ukuta wa bwawa, inchi mbili tatu, halafu mbao za juu pekee ndizo zisogee hadi karibu na ukingo na kuacha mwanya wa kidole. Mgeni akisimama juu ataona vitu viwili vimeshikana. Wewe ukiinama chini, mkono wako unapita katikati.

Kama unaweza, usiifunge deki kwenye nyumba pia. Deki nyingi zinazoanguka hung'oka pale ziliposhikizwa ukutani. Nguzo mbili za ziada zitakuondolea wasiwasi huo.

2. Usizungushe duara zima bila sababu

Picha za dukani huonyesha deki iliyozunguka bwawa lote kama bangili. Inapendeza sana kwenye picha. Hebu tupige hesabu: kuzungusha bwawa la futi 24 kwa deki ya upana wa futi 4 kunakula futi za mraba kama 350 za mbao. Na futi nne ni korido. Huwezi kuweka viti viwili vikitazamana na mtu akapita katikati bila kuomba radhi.

Jukwaa la upande mmoja, futi 10 kwa 12, ni futi za mraba 120 tu. Ni theluthi ya mbao, na hapo watu sita wanakaa duara na kuzungumza. Sisi tuliokulia penye baraza tunajua kwamba kibaraza chembamba ni cha kupitia na kipana ndicho cha kukalia.

Upande gani? Ule unaoonekana kutoka dirisha la jikoni. Jua la mchana, kivuli cha mti, mandhari, vyote vinakuja baada ya hapo.

3. Kabla ya koleo, simu

Tangu 2007 Marekani nzima ina namba moja ya kupiga kabla ya kuchimba: 811. Ni bure. Unapiga siku kadhaa za kazi mapema, kisha wanakuja watu na makopo ya rangi na kuchora nyasi zako. Nyekundu ni umeme, njano ni gesi, rangi ya machungwa ni simu na intaneti, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka. Kwangu mstari wa njano ulipita palepale nilipokuwa nimepigia kigingi cha nguzo ya pili. Nilikaa kitambo nikiutazama.

Uliza pia manispaa kuhusu kibali, na uulize unatakiwa kukaa umbali gani kutoka mpaka wa jirani. Kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, waulize na hao. Hao ndio wagumu kuliko manispaa.

4. Chimba mpaka chini ya baridi

Mtu aliyejenga Tanga au Morogoro akiambiwa shimo la nguzo ya deki ni inchi 42 atadhani anachimbishwa choo. Lakini kusini mwa Minnesota, Minneapolis ikiwemo, ndicho kina kinachotakiwa, na kaskazini mwa jimbo ni inchi 60. Sababu ni maji. Udongo una maji, maji yakiganda hutanuka, na yakitanuka chini ya zege lako huliinua. Haliinuki sana, nusu inchi mwaka huu na robo mwakani, na kila nguzo huinuka kivyake. Baada ya misimu mitatu deki inakuwa na mawimbi kuliko bwawa. Ukishuka chini ya kina ambacho baridi hufika, zege linatulia.

Mimi na shemeji tulichimba mashimo sita kwa mkono siku ya Jumamosi. La tatu lilipofika kiunoni shemeji aliegemea koleo akaniuliza, "Tunamzika nani?" La nne likagonga jiwe kwenye inchi 36. Tulitazamana. Jua lilikuwa linazama, mgongo unauma, na inchi sita ni nini bwana? Tukaliacha.

Mkaguzi wa manispaa alikuja Jumanne. Mzee mpole, kofia kichwani, hana maneno. Alishusha futi yake ya chuma shimo la kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. La pili, vilevile. La nne akashusha, akatazama, akashusha tena pembeni kidogo kana kwamba anatupa nafasi nyingine. "Bado sita," akasema, akafunga daftari. Jiwe lile tulilitoa kwa mtaimbo, saa mbili nzima, na sasa liko mlangoni kwa shemeji, linazuia mlango wa banda usijifunge.

Zege sasa. Shimo la upana wa inchi 12 na kina cha inchi 42 hula mifuko mitano kasorobo ya zege kavu ya ratili 80, yaani kilo 36 kila mfuko. Mashimo sita, nunua mifuko 30. Omba wakuletee nyumbani, maana gari dogo halibebi zaidi ya tani moja.

Nguzo yenyewe usiizike ndani ya zege. Iweke juu ya kiatu cha chuma kilichofungwa kwa bolti, ili mguu wa mbao usiloe kila mvua inyeshapo.

5. Usichimbe mguuni mwa bwawa lililojaa

Kumbuka zile tani 51, zimekalia udongo. Ukichimba shimo la zaidi ya futi tatu jirani kabisa na ukuta, udongo unaweza kuteleza kuelekea shimoni, na bwawa likaufuata. Chimba kabla ya kujaza maji. Kama bwawa limeshajaa, sogeza mstari wa nguzo nyuma, kisha acha boriti zitokeze mbele kuelekea bwawa. Kanuni ya kawaida ni kwamba sehemu inayotokeza isizidi robo ya urefu wa boriti ulio nyuma yake kati ya mihimili. Futi nane nyuma, futi mbili mbele.

6. Mbao ya 2 kwa 4 si 2 kwa 4, na dawa yake si ya mchezo

Hili mafundi wetu wanalijua: mbao ikisharandwa hupungua. Hapa "2 kwa 4" ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Ukichora ramani kwa namba za dukani, deki yako itakosa inchi kadhaa mahali usipotarajia.

Mbao ya kawaida kwa kazi hii ni msonobari uliotiwa dawa kwa shinikizo. Zamani dawa hiyo ilikuwa na aseniki, ikaondolewa kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Za sasa zina shaba nyingi, ndiyo maana mbao mpya ni za kijani kibichi. Shaba hiyo ina ugomvi na chuma cha kawaida: skrubu za bei rahisi zilizopakwa zinki nyembamba huliwa kimyakimya, ukija kustuka kichwa cha skrubu kinang'oka kama kitufe. Tumia zilizochovywa kwenye zinki ya moto, au za chuma kisichoshika kutu. Klorini ya bwawa itaharakisha kutu, kwa hiyo hapa usibane matumizi.

Soma kikaratasi kilichopigwa pini mwishoni mwa mbao. Kinaeleza kama dawa yake ni ya kugusa ardhi au ya kukaa juu tu. Nguzo na mihimili inataka ile ya kugusa ardhi.

Na vile vipande vinavyobaki? Najua. Mkaa umekwisha, nyama iko tayari, kipande kikavu kiko mkononi. Usithubutu. Moshi wa mbao ya dawa ni sumu, na majivu yake pia. Vitupe.

7. Boriti: usizinyooshe kupita nguvu zake

Ukiingia nyumba ya mawe ya zamani Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ni kwa sababu ya mkoko: boriti ya mkoko ina mwisho wa urefu inaoweza kubeba dari zito, na chumba kikajengwa kufuata boriti. Waliojenga hawakulumbana na mti.

Deki ni vilevile. Boriti ya msonobari ya 2 kwa 8, ikipangwa kila inchi 16, ipe futi 10 kati ya mhimili na mhimili, usiizidishie. Kanuni za ujenzi hudai deki ibebe angalau ratili 40 kwa kila futi ya mraba. Kwa jukwaa la 10 kwa 12 hizo ni ratili 4,800, zaidi ya tani mbili. Unaona nyingi? Basi hujaona siku ya mahafali ya mtoto, keki inapokatwa na kila mtu anataka kuwa kwenye picha.

Kama utapanga mbao za juu kwa mshazari, au utatumia zile za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao, sogeza boriti zikaribiane hadi kila inchi 12.

8. Duara hukatwa mwisho

Hii ndiyo kazi inayotisha watu, na ndiyo tamu kuliko zote. Usipime kila ubao ukaukata peke yake. Panga mbao zote, zipitilize kidogo juu ya ukingo wa bwawa kama ukingo wako unaruhusu, au zisogee hadi karibu. Chukua kijiti chenye upana wa mwanya unaoutaka, kiegemeze kwenye ukingo, weka penseli upande wa pili, kisha kitembeze taratibu kulizunguka bwawa. Mstari utakaojichora ni duara la bwawa lako halisi, pamoja na ubapa na vishimo vyake. Mabwawa ya bati si duara kamili hata siku moja.

Kata kwa msumeno mdogo wa umeme wenye kisu chembamba. Chini ya msumeno weka ubao mpana wa kukinga bwawa. Kisu kikigusa ngozi ya plastiki ndani, kazi ya deki imekwisha na imeanza kazi nyingine.

9. Acha milango kwa ajili ya mtu atakayetengeneza

Nina kosa la kuungama. Kwenye ukuta wa bwawa kuna kidomo kinachonyonya maji ya juu pamoja na majani na wadudu. Wauzaji hukiita skima. Ndani yake kuna kikapu cha kumwagwa kila baada ya siku mbili tatu. Nilipomaliza deki yangu nilisimama nyuma nikaifurahia: mbao zote zimenyooka, hakuna kiraka. Kesho yake nikataka kumwaga kikapu. Kilikuwa chini ya mbao zangu zilizonyooka, na skrubu ishirini na nne.

Kata mfuniko juu ya skima, upana wa kuingiza mikono yote miwili, na utoboe tundu la kidole cha kuuinulia. Pampu na chujio viache nje ya deki kabisa. Ukishindwa, viwekee mlango wa pembeni ambao mtu mzima anaingia ameinama, si kwa kutambaa. Pampu haiharibiki asubuhi ya Jumatatu. Inaharibika Jumamosi, wageni wako njiani.

10. Ngazi uliyojenga ni njia ya mtoto kufika majini

Hapa nitapunguza mzaha. Marekani, kuzama ndiko kunakoongoza kwa kuua watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Na bwawa la juu ya ardhi, kabla hujaligusa, lina ulinzi wake: ukuta wa inchi 48 au zaidi ambao mtoto mdogo hawezi kuupanda, na ngazi inayoondolewa. Siku unapojenga deki yenye ngazi nzuri za kudumu, umeuvunja ulinzi huo kwa mikono yako. Ni juu yako kuurudisha.

Kanuni zinatofautiana mji kwa mji, kwa hiyo waulize manispaa yako, lakini vipimo utakavyovikuta sehemu nyingi ni hivi. Deki iliyo juu zaidi ya inchi 30 kutoka ardhini iwe na kingo zisizopungua inchi 36, na pale kingo hizo zinapokuwa ndizo uzio wa bwawa, ziwe inchi 48. Mwanya wowote usipitishe mpira wa inchi 4. Fito zisimame wima, maana fito za kulala ni ngazi nyingine. Geti lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, lijifunge lenyewe na kujikomea lenyewe, na komeo liwe juu, inchi 54 kutoka chini.

Jaribio langu ni hili: fungua geti upana wa kiganja tu, liachie. Likijifunga na ukasikia "ka!", vizuri. Likiegemea komeo bila kuingia, si geti, ni pambo. Rudia jaribio kila mwezi, hasa majira ya kuchipua, kwa sababu baada ya baridi mbao huwa zimevimba na komeo hukosana na tundu lake kwa unene wa shilingi. Unene huo unatosha.

Angalia na vinavyozunguka. Kiti kilichosukumwa hadi kwenye kingo, ndoo iliyopinduliwa, pampu iliyokaa karibu na ukuta: vyote ni vidato. Na geti, hata liwe la chuma cha pua, halimwangalii mtoto. Mtu mzima mmoja, ajulikane kwa jina, asiye na simu mkononi. Kwetu tunapokezana, na anayeshika zamu anavaa kofia ya majani ya shemeji. Ukiiona kofia iko mezani, watoto watoke majini.

Ngazi zenyewe ni hesabu nyepesi. Deki ya inchi 52 ukiigawa kwa vidato saba, kila kimoja kinapanda inchi saba na nusu kasoro kidogo, ndani ya kiwango cha juu cha inchi 7 na robo tatu. Pa kukanyagia pawe na inchi 10 au zaidi. Vidato vyote vilingane, na kuwe na mti wa kushika.

11. Umeme mwachie mwenye leseni

Sina mengi hapa kwa sababu si kazi yangu wala yako. Jua tu cha kumuuliza. Pampu iwe na swichi ya usalama inayokata umeme mara tu unapovuja. Vyuma vyote vilivyo karibu na maji, pamoja na ukuta wa bwawa, kingo za chuma za deki na hata viatu vya nguzo vikiwa ndani ya futi tano, viunganishwe kwa waya mnene wa shaba, ili mtu aliyeshika chuma huku mguu uko majini asiwe yeye ndiye daraja la umeme. Fundi umeme akikuambia hilo halina maana, mshukuru, mpe maji ya kunywa, tafuta mwingine.

Mwite kabla hujapigilia mbao za juu, si baada.

12. Fikiria nyayo

Watu watatembea humo pekupeku na wamelowa. Piga msasa kila ubao, hasa ncha na ule mkato wa duara. Mbao za mchanganyiko wa plastiki hazina vibanzi na hazitaki rangi, lakini zile nyeusi zikipigwa na jua la Julai zinaunguza. Nimeona watu wazima wakirukaruka juu yake kama wako kwenye ngoma. Chagua rangi hafifu.

Kuhusu mianya: mbao ya dawa ikiwa bado mbichi, nzito na yenye majimaji, ipange ikigusana. Itakauka na kujiachia mwanya yenyewe. Ikiwa kavu tayari, acha unene wa msumari. Shemeji aliacha mwanya wa msumari kwenye mbao mbichi, na sasa funguo za gari zinapita.

13. Futi nne

Kina ni futi nne. Deki haigeuzi futi nne kuwa nane. Hakuna kupiga mbizi kutoka juu, hakuna kuruka kichwa mbele, hata mjomba aliyekulia Forodhani. Andika ubaoni, pigilia getini.

14. Jenga ukijua litaondoka

Deki nzuri ya mbao za dawa, ikitunzwa, itaishi miaka mingi kuliko bwawa. Ngozi ya plastiki hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kuibadilisha ni lazima uinue ukingo wa juu wa bwawa wote. Kwa hiyo zile mbao zinazosogelea ukingo zifunge kwa skrubu tu, bila gundi wala misumari, na zisikandamize ukingo. Chora umbo la mkato kwenye boksi kubwa la karatasi, likunje, liweke gereji. Nunua mbao tano za ziada na uzihifadhi chini ya deki palipo pakavu, maana mwakani duka litakuwa na rangi nyingine.

Huko chini mwaga kokoto juu ya kitambaa cha kuzuia magugu, na ziba pembeni kwa wavu. Usipoziba atahamia nyegere wa huku, yule mweusi mwenye mistari myeupe, na harufu yake utaikumbuka mpaka Krismasi. Dawa za bwawa usiziweke humo. Aina mbili za klorini zikichanganyika zinaweza kulipuka, na tindikali ikigusana na klorini hutoa gesi ya sumu. Ziweke kavu, kila moja mbali na mwenzake, mbali na watoto.

Bwawa la shemeji lilitoboka baridi ya juzijuzi, barafu ikapasua bati. Tulilikata vipande tukampa mwokota vyuma. Deki haikutikisika hata ubao mmoja. Imebaki na kile kinywa cha nusu duara kinachotazama mahali palipokuwa na maji. Pale kwenye mchanga shemeji amemwaga udongo na samadi akapanda mchicha, nao unapenda kiangazi cha Minnesota kuliko sisi. Jioni anaketi ukingoni mwa deki, miguu inaning'inia, anamwelekeza dada yangu ni upande gani umekomaa. Dada anamwambia ashuke achume mwenyewe.